Familia Iliyofunga Duka Kabla ya Magharibi

Karatasi niliyompa yule maman wa Kalehe ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na mihuri miwili, sahihi yangu yenye mkia mrefu, na mstari mmoja niliouandika kwa Kifaransa kisha nikamsomea kwa Kiswahili: macho yote mawili yako katika hali ya kawaida. Mama mkwe wake aliikunja mara nne akaitia ndani ya blauzi, kama mtu aliyeshinda kesi. Na kweli alikuwa ameshinda. Ubaya ni kwamba karatasi ilikuwa ya uongo, na mwongo nilikuwa mimi, docteur wa macho, niliyesoma mpaka nikaota mvi.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana watu wengi mjini Bukavu wanadhani nauza miwani. Siuzi miwani. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ndio unaopokea mwanga. Ukimulikwa, unatoa umeme kidogo sana. Mimi naweka uzi laini juu ya kope la chini, nabandika waya mmoja kwenye paji la uso na mwingine sikioni, mtu anaingiza uso ndani ya bakuli kubwa jeupe, taa inapiga mara moja, na mashine inachora jibu la jicho: kishimo kidogo, kisha kilima. Kilima kikiwa kirefu, jicho ni zima. Kikiwa kifupi, kuna neno. Hiyo ndiyo sayansi yote. Kinachobaki ni Kifaransa.

Sasa, ile sehemu ya retina inayoonea gizani ni mvivu. Haiamki mpaka mtu akae dakika ishirini bila mwanga wowote. Kwa hiyo chumba changu, kule Nguba, ni cheusi tii. Dirisha linaloangalia ziwa nililiziba kwa mbao na vitenge vitatu vilivyobaki kwenye arusi ya dada yangu. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, nami nakaa naye, tunangoja. Watu wa Bukavu hawajui kukaa gizani kimya. Katika dakika hizo nimeombewa na wachungaji, nimeelezwa jinsi nchi inavyopaswa kuendeshwa, na mzee mmoja aliniungamia dhambi za ujana wake zote, akaniachia mzigo ambao mpaka leo sijui niupeleke wapi.

Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye mashine, nilikuwa nimefunga kamba ya katani usawa wa kiuno, ili mkono uifuate. Msaidizi wangu wa kwanza, ambaye ni binamu yangu, aliisifu sana. Nami niliionea fahari. Niliona kwamba hapo ndipo utaalamu wangu ulipo.

Lakini kilima kirefu ni kirefu kuliko nini? Hapo ndipo nilipojikwaa. Mashine yangu ilikuwa ya mtumba, imeshatumika Ulaya mpaka vibonye vimefutika, na kila mwenye mashine ya namna hiyo anatakiwa ajitengenezee kipimo chake: apime kwanza watu wa mahali pale wasio na shida ya macho, ajue vilima vyao vinaanzia wapi na kuishia wapi. Nikatangaza kwamba natafuta watu wa kujitolea. Hakuja hata mmoja. Huko mtaani Kadutu ulikuwa umeenea uvumi kwamba Nguba kuna docteur anayenyonya mwanga wa macho kwa waya na kuupeleka nje kwa ndege. Ningekuwa na biashara hiyo, nisingekuwa napanda kazini kwa miguu.

Nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hufanya akikwama: nikauita ukoo. Sisi ni Waislamu, wauza vitambaa. Babu yangu mzaa baba alitoka pwani akafika Uvira, na baba akapanda mpaka Bukavu. Shangazi yangu alitoa amri, na Jumapili nne mfululizo wakaja, ndugu zangu, baba wadogo, mashangazi, binamu, wakwe wakiwasindikiza, na sufuria ya pilau kila Jumapili. Niliwapima wote kumi na wanne, na mimi wa kumi na tano. Niliwauliza mmoja mmoja, palepale kwenye pilau, kama ana shida ya macho. Hakuna aliyekuwa nayo. Vilima vyao vilipishana ajabu, vingine vimeenda juu vizuri, vingine vifupi kama kichuguu, na mimi nililaumu umeme wa mji unavyopanda na kushuka. Umeme wa Bukavu huwa unalaumiwa kwa kila kitu na haujawahi kujitetea. Basi nikajumlisha, nikagawa, nikaandika ukutani: kuanzia kichuguu hadi kilima, yote ni kawaida.

Ndipo akaja yule maman. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, katika soko la Kalehe, mtu wa kunyoosha mgongo hata akiwa amekaa. Mama mkwe wake alikuja naye, na ndiye aliyeongea.

"Docteur, huyu anajifanyaka. Muchana anaona sindano mu majani. Mangaribi ikifika, nikimutuma mayi, anasema haone. Anaanguka na ndoo. Mangaribi tu, kila siku."

"Na mume wake anasemaje?"

"Mutoto wangu iko ku ziwa, anavua. Amesema nimulete. Kama iko mugonjwa, utuandikie, tutamuchunga. Kama iko muzima, atarudi kwabo. Mi sitaki muke muvivu mu nyumba."

Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mtu anayetaka jambo liandikwe. Nikamtoa nje, nikabaki na mkamwana wake gizani. Nyuma ya macho yake nilikuwa nimeshapaangalia kwa taa yangu, palikuwa safi. Kuna magonjwa ya retina ambayo hayaachi alama mapema, na ndiyo sababu ya mashine. Tukakaa. Hakuomba, hakusimulia. Baada ya muda mrefu aliniuliza swali moja.

"Docteur, unaniona?"

"Hapana," nikasema, nikacheka. "Nani anaweza kuona humu?"

Nilimsikia akishusha pumzi. "Basi tuko sawa," akasema.

Kilima chake kilikuwa kifupi. Nilikilinganisha na kipimo changu cha ukutani, nikakuta kimeingia ndani ya mipaka: chini kabisa, ni kweli, lakini ndani. Kilikuwa karibu na cha binamu yangu na kilizidi kidogo cha kwangu. Kwa kuwa mimi sikuwa mgonjwa, yeye angekuwaje mgonjwa? Nikaandika. Aliposomewa hakulia. Aliuliza tu, "Hii machine haichokake?" Na mimi nikamjibu, kwa ile sauti ya watu wenye diploma, kwamba mashine si punda. Sauti ile bado naisikia, na kila nikiisikia naona haya.

Wiki tatu baadaye binamu yangu alipata kazi Kinshasa, nikaletewa infirmière mpya, muuguzi kijana mzaliwa wa Kamanyola, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye maegesho. Hakuwa na undugu na mimi hata wa kunyonya ziwa moja. Siku ya kwanza nilimwambia aketi kwenye kiti cha mgonjwa ili aonje mwenyewe kile tunachowafanyia watu. Nikafunga mlango, nikaishika kamba yangu, nikaenda kwenye nafasi yangu, tukangoja.

"Docteur," akasema baada ya kitambo, "hii kamba iko ya nini?"

"Ya kutembelea. Mtu asije akagonga mashine."

"Lakini machine si ile pale?"

Nikafikiri anaonyesha kwa kubahatisha. Tukaendelea kungoja. Ilipopita kama robo saa, akakohoa kwa heshima.

"Munisamehe, Docteur. Mukitoa kidole mu pua, tutaanza."

Nilikitoa. Nilikaa na kidole changu hewani nisijue nikiweke wapi. Miaka miwili na nusu nilikuwa nimekaa kwenye chumba kile mbele ya wagonjwa, wachungaji, na yule mzee wa dhambi, nikijua kwa uhakika kwamba giza ni giza kwa kila mtu. Nilipokuwa naona watu wakitembea bila tochi mtaani kwetu wakati umeme umekatika, nilidhani wanaijua njia kwa moyo. Nilikuwa nawasifu kwa kumbukumbu yao.

Nikampima. Taa ikapiga, na mashine ikachora kilima kilichotoka juu ya karatasi kikapotelea hewani. Nikamwambia mashine imekufa. Nikabadilisha uzi, nikaosha waya, nikachomoa kila kitu ukutani nikakichomeka tena, nikapiga tena. Kilima kilekile. Nikamwita mlinzi wa getini. Kilima. Dereva. Kilima. Maman anayeuza beignets, yaani maandazi, mbele ya geti alikuja na mafuta mikononi, akapimwa akilalamika kwamba biashara inalala, naye akatoa kilima kama mlima Kahuzi. Mwishoni nikakaa mimi mwenyewe, infirmière akapiga taa. Kichuguu.

Aliangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia kamba.

"Docteur, machine iko nzima," akasema tu. Nilimshukuru kwa hilo.

Mganga hajigangi, ndivyo wanavyosema. Hawakusema kwamba mganga akijifanya kipimo, anaweza kuwaponya wagonjwa wa mkoa mzima kwa siku moja, bila hata tone la dawa. Niliogopa. Sitadanganya kwamba nilimwogopea yule maman kwanza. Nilijiogopea mimi, macho yangu, vitabu ambavyo sijavisoma. Yeye nilimkumbuka nilipokuwa nateremka ngazi, na pale nikazidisha mwendo, maana mimi nilikuwa na miaka ya kuhangaika na jambo hili, na yeye huenda alikuwa na siku chache tu kabla ya kufukuzwa.

Nilikwenda dukani kwa baba. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, na kama kawaida alikuwa ameshaanza kukunja vitambaa. Duka letu hufungwa kabla ya adhana ya magharibi. Ndivyo ilivyokuwa Uvira wakati wa babu, ndivyo ilivyo hapa. Mtu wa kwetu hatembei usiku, haketi kibarazani usiku, hapokei mgeni usiku. Mji mzima unatusifu kwa adabu hiyo. Kuna watu wamewapa binti zao vijana wetu kwa sababu hiyo peke yake. Na nyuma ya nyumba, kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, kuna kamba. Inaitwa kamba ya babu. Tangu utoto wangu ni marufuku kuanika nguo juu yake, na tangu utoto wangu sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Baba," nikasema, "wewe unaona gizani?"

Aliendelea kukunja. "Nani anaona gizani?"

"Infirmière wangu anaona."

"Yule wa Kamanyola?" akasema, kama kwamba hilo limejieleza.

"Na dereva. Na mlinzi. Na muuza beignets. Wote wanaona, baba. Sisi ndio hatuoni."

Akaweka kitambaa chini.

"Babu yako alijua," akasema. "Na baba yake alijua. Alisema tukilitamka, wasichana wetu hawataolewa. Basi tukasema ni adabu."

"Na mimi mkanipeleka kusomea macho."

"Ulipenda mwenyewe. Tukaona vizuri, labda utaikuta dawa bila kutuuliza."

"Jumapili nne mmekula pilau kwangu! Nimeuliza kila mtu kama ana shida ya macho!"

"Mbele ya wakwe. Ulitaka shangazi yako aseme nini mbele ya wakwe?"

Nilikasirika kama ambavyo sijawahi kumkasirikia baba yangu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humfichua. Akaniambia maradhi haya hayaui, yeye ana miaka sabini na mitano na bado anakata kitambaa kwa mstari. Nikamwambia yanaua nyumba ya mtu Kalehe, mtu ambaye hakula pilau yetu. Hapo akaanza kushusha mlango wa duka, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na sote wawili tulikuwa tunahitaji kufika nyumbani.

Kwenye daftari langu kulikuwa na wengine niliowaandikia "kawaida", na nimewaita tena mmoja mmoja. Wengine wamekuja, wengine wamenitukana kwenye simu, na wana haki. Lakini wa Kalehe nilimfuata mwenyewe. Nilichukua boti asubuhi, na boti ikakaa gatini mpaka mchana ikingoja magodoro ya mtu. Mkoba wangu ulikuwa na karatasi mpya yenye mihuri mitatu. Nilikuwa nimeongeza mmoja, kwa aibu.

Nilifika kama saa kumi na moja na robo. Mzigo wake ulikuwa umefungwa kwa kitenge, umewekwa karibu na mlango. Kaka yake alikuwa anakuja kumchukua kesho yake. Yeye alikuwa amekaa juu ya kigoda akichambua sambaza, mgongo umenyooka vilevile, na aliponiona hakusimama. Mama mkwe alinikaribisha kwa heshima, akasoma mihuri, kisha akatoa karatasi ya zamani ndani ya blauzi na kuziweka zote mbili juu ya magoti.

"Docteur mumoja, karatasi mbili," akasema. "Tuamini ya wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Nikaanza kueleza. Nilieleza kipimo, ukoo, kilima na kichuguu, nikachora chini kwa kijiti. Niliongea nusu saa, labda zaidi, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyehongwa. Mama mkwe alinisikiliza akiuma midomo. Mwishowe akasema kwamba amesikia, ataongea na mtoto wake akirudi ziwani, lakini kaka wa huyu ameshaitwa, na mwanamume haitwi bure. Nikaelewa kwamba nimeshindwa. Nikaaga, nikainuka kurudi kwenye boti.

Nilichosahau ni kwamba Kalehe ina milima upande jua linakozama. Mchana unakatika mapema kule, na simu yangu yenye tochi nilikuwa nimeiacha kwa mwenye boti ikichajiwa. Nilipokuwa nachora chini ardhi ilikuwa inaonekana; nilipoinua kichwa, ua wote ulikuwa umekwenda. Nikaelekea kule nilikokumbuka kwamba kuna njia. Mguu wa kwanza ukaingia ndani ya beseni la mihogo iliyolowekwa. Mguu wa pili ukakuta kitu laini na chenye joto, kikalia, kikaruka, nami nikaenda chini kwa urefu wangu wote, na mihogo juu yangu.

"Docteur," mama mkwe akauliza taratibu, "haukuona mbuzi?"

"Sikumwona, maman."

"Iko mweupe."

"Sikumwona."

Kisha kutoka kule kwenye kigoda ikaja sauti ya mkamwana wake, bila haraka. "Na miye siione, maman. Iko wapi?"

Nilisikia nyayo zikija. Upepo mdogo ulinipita usoni mara mbili, mara tatu, nikajua ni kiganja chake anakipunga mbele ya macho yangu. Sikupepesa. Akanishika mkono, mkono mkavu wa mtu aliyelima maisha yake yote, akanikalisha juu ya ukingo wa mlango. Halafu nyayo zikaenda upande wa kigoda na kukaa huko muda mrefu, na upepo wa kiganja kile haukunifikia, ila niliwasikia wote wawili wakipumua.

Nililala kwao, sikuwa na namna ya kushuka mpaka ziwani. Asubuhi mzigo haukuwepo mlangoni, ulikuwa umerudishwa ndani. Mama mkwe alinifungia sambaza za kupeleka kwa baba yangu, na alizifunga kwa karatasi yangu ya kwanza, muhuri mmoja kila upande. Nilikuwa nimewaeleza kuhusu kamba, ya chumba changu na ya babu, nikitazama chini. Aliingia nyuma ya nyumba akatoka na kamba nene ya wavu wa zamani wa mtoto wake, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya jikoni na kuivuta kupitia uani mpaka kwenye bomba la maji. Aliikaza kwa goti. Kisha akafumba macho, akaishika, akaanza kuifuata polepole, mkono mwingine ukipapasa mbele. Nusu ya njia alijikwaa kwenye jiwe, akasimama pale pale, macho bado yamefumbwa, ameikamata kamba kwa mikono yote miwili.

"Njo vile munaishi?" akauliza.

"Kila mangaribi, maman," mkamwana wake akajibu, akaenda kuliondoa lile jiwe.